Mwongozo kamili wa kuongea na mnara ndege inapoondoka: kuanzia maegesho ya Malindi mpaka unakabidhiwa Mombasa

Wanafunzi wengi wa urubani mikono inakuwa tayari mapema, redio ndo inawachelewesha. Mtu anairusha ndege vizuri kabisa alafu akibonyeza kile kitufe cha kuongea anaganda. Huu mwongozo nauandika kwa ajili ya vijana wa huku kwetu, Malindi, Watamu, Lamu, Mpeketoni, wanaosomea urubani au wanaojipanga kusomea, na pia kwa yule abiria anayekaa dirishani pale uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, anajiuliza mbona tumesimama mwisho wa barabara propela zinazunguka na hatuondoki.

Jambo moja ulishike kuliko yote utakayosoma hapa chini: kila ruhusa ya mnara, yaani waongozaji wa ndege pale uwanjani, ina mwisho wake. Umeruhusiwa kuwasha injini, mwisho wake ni injini kuwaka. Umeruhusiwa kutembea mpaka mstari wa kusubiri, mwisho wake ni ule mstari. Umepewa njia ya angani, hiyo ni karatasi tu, hujaambiwa uruke. Ruhusa moja haizai nyingine hata siku moja, na ukisoma ajali za redio utaona nyingi zimeanzia hapo, mtu alipewa hiki akadhani amepewa na kile.

Kabla hujabonyeza kitufe

Sikiliza kwanza. Ukihamia masafa mapya, yaani namba nyingine ya mawimbi ya redio, usiingie tu na maneno yako, subiri usikie kama kuna mazungumzo katikati, manake mwenzako akiulizwa kitu na mnara jibu lake linakuja sasa hivi na wewe ukiongea juu yake mnaharibu wote wawili. Redio za ndege zinatumia mawimbi ya VHF kati ya 118 na 137 MHz, na kwa mfumo wake wawili wakiongea pamoja wengine wote wanasikia mlio wa kukwaruza tu, hakuna neno linaloeleweka. Mbaya zaidi, wale wawili wanaoongea hawajui kama wamegongana.

Ukishajua kuko kimya, panga maneno kichwani kwa mpangilio huu: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Bonyeza, vuta pumzi kidogo, ndo uongee, wengi wanaanza kuongea kidole hakijafika na herufi za kwanza za jina la ndege zinakatika. Mwendo wa maneno usizidi 100 kwa dakika, ndivyo shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linavyoelekeza, na 100 ni polepole kuliko unavyofikiri, jipime na saa.

Kuhusu Kiingereza usiogope. Kipimo cha kimataifa kina ngazi 6, rubani wa safari za kimataifa anatakiwa afike ngazi ya 4, na akiwa hapo anapimwa tena kila baada ya miaka 3. Kiingereza cha redio si cha kujionyesha. Maneno ni machache na yamepangwa, mtoto aliyesoma shule ya kawaida Shela au Maweni anayaweza vizuri tu. Lafudhi yako ya pwani haina shida, shida ni haraka na kumeza maneno.

Namba zina matamshi yake: 3 inasemwa tri, 5 faif, 9 naina, na zinatajwa moja moja. Herufi pia, Alfa, Bravo, Charlie mpaka Zulu. Njia nzuri ya kuzikariri ni kusoma namba za magari ukitembea mjini, ukiona KDA unasema Kilo Delta Alfa, ndani ya wiki mbili tatu ulimi umezoea.

Alafu kuna saa. Redio inatumia saa ya dunia, inaitwa Zulu, na Kenya tuko mbele yake kwa saa 3. Sisi tunaohesabu saa za Kiswahili tunahesabu mara mbili na hapo ndo watu wanachanganyikiwa, kwa hivyo chukua njia ya mkato: saa ya mchana ya Kiswahili ongeza 3 unapata Zulu. Saa nne asubuhi ni 0700 Zulu. Saa kumi jioni ni 1300 Zulu. Kuanzia saa moja mpaka saa tano usiku unaongeza 15, kwa hivyo saa mbili usiku ni 1700. Iandike kwenye karatasi unayoifunga gotini mpaka iingie.

Hatua ya 1: kuwasha injini na kupata hali ya uwanja

Tuchukue ndege ya mfano, 5Y-ABC, iko maegesho Malindi inaenda Wilson, Nairobi. 5Y ndio mwanzo wa namba za ndege zote zilizosajiliwa Kenya. Mara ya kwanza unataja namba nzima, kufupisha unasubiri mnara uanze wenyewe, usijifupishie.

Ndege: "Malindi Tower, Five Yankee Alfa Bravo Charlie, good morning."
Mnara: "Five Yankee Alfa Bravo Charlie, Malindi Tower, pass your message."
Ndege: "Five Yankee Alfa Bravo Charlie, on the apron, request start-up, IFR to Wilson."
Mnara: "Alfa Bravo Charlie, start-up approved, runway one seven, QNH one zero one four, stand by for clearance."

IFR ni kuruka kwa kufuata vyombo, si kwa kuona kwa macho. Hapo umepata vitu vitatu, kuwasha, ranwei na QNH, na cha nne, ruhusa ya njia, bado. Ranwei ni barabara ya kurukia na kutua, na 17 maana yake inaelekea digrii 170 hivi kwa dira, yaani kusini. Malindi ranwei hiyo hiyo ukiitumia upande wa pili inaitwa 35, na mtu wa pwani anaweza kukisia ipi itatumika kabla hajafungua redio: kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi na kuendelea, ndege zinarukia upepo kuelekea kusini, na kaskazi ikishika mwisho wa mwaka mambo yanageuka. Hayo ni makisio tu ya kukuandaa masikio, jibu ni la mnara.

QNH ndio kipimo cha shinikizo la hewa, kwa hektopaskali, unachoweka kwenye altimita ili isome urefu wako kutoka usawa wa bahari. Uzito wake uko hivi, kila hektopaskali moja ni kama futi 27 mpaka 30, kwa hivyo ukisikia 1004 badala ya 1014 altimita yako inadanganya karibu futi 300. Ndo maana hii namba lazima uirudie, usiitikie tu.

Na lile neno "stand by" halina ndiyo wala hapana ndani yake. Ni subiri, basi. Usiite tena baada ya sekunde kumi, mwongozaji anaongea na watu ambao wewe huwasikii.

Hatua ya 2: ruhusa ya njia

Hapa ndo kalamu inafanya kazi. Ruhusa inakuja kwa mpangilio ule ule kila siku: mwisho wa safari, njia, urefu, maelekezo ya baada ya kuruka kama yapo, na namba ya transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Andika herufi tano wima kwenye karatasi kabla hujaambia mnara uko tayari kupokea, kila herufi na nafasi yake, alafu unajaza tu.

Mnara: "Alfa Bravo Charlie, cleared to Wilson, flight planned route, flight level one eight zero, after departure turn right, squawk four two one five."

Urefu pia ukague kwa akili yako. Kutoka Malindi kwenda Nairobi unaelekea kaskazini magharibi, na ndege zinazoelekea upande wa magharibi zinapewa urefu wa shufwa, 160, 180, 200, yaani futi elfu 16, 18, 20, zinazoelekea mashariki zinapewa witiri. Ukielekea Lamu kwa kuona kwa macho, kaskazini mashariki, ni witiri na unaongeza 500, mfano futi 5,500 au 7,500. Sasa ukisikia mnara umekupa urefu usiolingana na upande unaoenda, uliza. Huenda wana sababu, huenda umesikia vibaya, vyote viwili unataka uvijue ukiwa bado chini. Namba ya transponda, ile inayofuata neno "squawk", nayo ina tarakimu nne na hakuna 8 wala 9 ndani yake, ukijikuta umeandika 4819 jua umesikia kitu ambacho hakikusemwa.

Kisha unairudia yote. Yote. Kuna vitu ambavyo kwa sheria lazima virudiwe neno kwa neno: ruhusa ya njia, chochote kinachohusu ranwei, iwe kuingia, kuvuka, kurudi nyuma juu yake, kusimama kabla yake, kuruka au kutua, ranwei inayotumika, QNH, namba ya transponda, urefu, uelekeo na mwendo. "Roger" haitoshi kwa hivi, manake maana yake ni nimepokea ujumbe wako, haisemi umepokea nini. Nikisikia mwanafunzi amejibu roger kwa ruhusa ya njia huwa namsimamisha hapo hapo hata kama tuko mezani tunafanya mazoezi.

Kurudia kuna pande mbili na watu wanasahau ya pili. Mwongozaji naye anatakiwa asikilize unavyorudia na akurekebishe. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger, Boeing 747, ilikuwa inashuka kwenda Kuala Lumpur, ikaambiwa "descend two four zero zero", yaani futi 2,400, wale marubani wakasikia ile "two" kama "to", wakajibu "okay, four zero zero", wakashuka kuelekea futi 400, hakuna aliyewarekebisha, wakagonga kilima. Watu 4 walikuwa ndani, wote wakafa. Kwa hivyo ukimaliza kurudia subiri usikie "readback correct", na kama hujaisikia usijipe mwenyewe.

Abiria wa Manda, hapa ndo jibu lako. Ruhusa ya njia inaweza kuhitaji kuombwa kwa waongozaji wanaosimamia anga la juu, mnara unaipokea alafu unakusomea, kwa hivyo rubani anaweza kuwa amemaliza kila kitu na bado anangoja sentensi moja itoke mbali.

Hatua ya 3: kutembea mpaka mstari wa kusubiri

"Request taxi", mnara unajibu "taxi to holding point runway one seven", unarudia na unaondoka. Mwisho wa ruhusa hii unauona kwa macho: mistari minne ya njano iliyopakwa kukatisha njia, miwili imenyooka bila kukatika na miwili ya vipande vipande. Ile isiyokatika iko upande wako wewe unayekuja, na hiyo huivuki bila ruhusa, hata pua ya ndege. Ukitoka kwenye ranwei unakutana kwanza na ya vipande, hiyo unaivuka na kuendelea mpaka mkia upite.

Kwenye viwanja ambavyo njia ya pembeni haifiki mwisho wa ranwei itabidi utembee juu ya ranwei yenyewe kurudi nyuma, mnara utasema "backtrack". Bila kulisikia neno hilo usiingie ati kwa sababu kila siku ndo tunafanya hivyo.

Usisome orodha za ukaguzi ukitembea huku umeinamisha kichwa. Simama, soma, endelea.

Hatua ya 4: ukiwa kwenye mstari

Ukiwa tayari kweli, abiria wamefunga mikanda na ukaguzi umeisha, unasema "Alfa Bravo Charlie, ready for departure". Angalia neno nililotumia. Rubani halitaji lile lingine, "take-off", mpaka mnara umelitaja kwa kumruhusu aruke, na ukilirudia ni kurudia ruhusa hiyo au kufutwa kwake. Popote pengine ni "departure".

Sheria hii imelipiwa na watu 583. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife huko Hispania. Boeing 747 mbili, moja ya KLM nyingine ya Pan Am, zilikuwa zimeelekezwa hapo manake uwanja wa Gran Canaria ulikuwa umefungwa baada ya bomu. Ukungu ukatanda, mnara hauoni ranwei na ndege hazionani. KLM wako kichwa cha ranwei, Pan Am wanatembea juu ya ranwei hiyo hiyo. KLM wakasomewa ruhusa ya njia, na ndani ya ruhusa hiyo likawemo neno take-off, likielezea wageuke upande gani baada ya kuruka. Rubani msaidizi akarudia ruhusa na kumalizia "we are now at take-off", na ndege tayari imeanza kukimbia. Mwongozaji akasema "OK", akanyamaza kidogo, akaendelea kuwaambia wasubiri atawaita, na sekunde hiyo hiyo Pan Am wakaingia kusema bado wako kwenye ranwei. Sauti mbili zikagongana, ndani ya KLM kikasikika kile kimlio nilichokitaja mwanzo. Ukichambua hapo utakuta kila nilichokuandikia juu kimo: ruhusa ya njia imechukuliwa kama ruhusa ya kuruka, neno si la mahali pake, jibu la OK lisilosema kitu, na watu wawili kwenye masafa kwa wakati mmoja.

Baada ya kusema uko tayari, majibu ni haya. "Hold position" au "hold short", unabaki na unarudia. "Line up and wait", unaingia kwenye ranwei, unajipanga, unasimama. Hujaruhusiwa kuruka. Ukishajipanga angalia dira isome karibu 170, kama inasoma kitu kingine umeingia pasipo.

Kuna ruhusa yenye sharti, hii isikilize mara mbili: "behind the landing Caravan, line up runway one seven behind". Maana yake ile ndege aina ya Caravan inayotua ipite kwanza, ndo uingie nyuma yake. Neno "behind" linatajwa mwanzo na mwisho makusudi. Huipokei kama ile ndege huioni kwa macho yako, na ukirudia unarudia na sharti lake, ukiliacha sharti mwongozaji mzuri atakusimamisha.

Hatua ya 5: kuruka

Mnara: "Alfa Bravo Charlie, wind one six zero degrees one two knots, runway one seven, cleared for take-off."
Ndege: "Runway one seven, cleared for take-off, Alfa Bravo Charlie."

Upepo unaotajwa ni unakotoka, si unakokwenda. Angalia tena mwisho wa ranwei na angani upande wa kutua, mnara kukuruhusu hakukuondolei macho yako. Ukisimamishwa ukiwa umeanza kukimbia maneno yatakuja mara mbili, "stop immediately, stop immediately", na wewe ukijisimamisha mwenyewe sema "stopping", neno moja linatosha, maelezo baadaye.

Baada ya magurudumu kuacha ardhi hakuna haja ya kuongea. Irushe ndege kwanza, ielekeze, ndo redio. Hata mnara ukikuita ukiwa futi 200 na mikono imejaa, jibu lako linaweza kungoja.

Hatua ya 6: kukabidhiwa

Mnara utakwambia "contact Mombasa Approach" na masafa yake, unarudia masafa, unabadilisha, unasikiliza, unaita. Ukiambiwa "monitor" badala ya "contact" unahamia na kusikiliza tu, wao ndo watakuita. Mwito wa kwanza huko una jina la ndege, urefu unaopita sasa na urefu ulioruhusiwa: "passing two thousand eight hundred feet, climbing flight level one eight zero". Mwenye rada analinganisha ulichosema na anachokiona kwenye skrini, kama transponda yako inasema uongo inagunduliwa hapo. Ukiita masafa mapya na kuko kimya kabisa, rudi kwa mnara ule wa kwanza uthibitishe namba.

Redio ikifa, au mambo yakiharibika

Transponda 7600 ni redio imekufa, 7700 ni dharura, 7500 ni utekaji. Mayday inatajwa mara tatu maisha yakiwa hatarini, pan-pan mara tatu jambo likiwa la haraka lakini halijafika huko. Masafa ya dharura ni 121.5 na unaweza kuyatumia, lakini kama tayari unaongea na mtu baki naye.

Ukiwa bado chini na redio imezima, angalia mnara, una taa. Kijani inayowaka mfululizo, ruka. Kijani inayomweka, tembea. Nyekundu mfululizo, simama. Nyekundu inayomweka, ondoka kwenye ranwei. Nyeupe inayomweka, rudi ulikoanzia.

Pasipo na mnara

Viwanja vya udongo kama kule Kiwayu hakuna wa kukuruhusu, kwa hivyo unawatangazia waliopo: jina la mahali, ndege yako, uko wapi, unafanya nini, na unamaliza kwa jina la mahali tena ili anayesikia nusu ajue ni uwanja gani. Tangaza ukianza kutembea, ukiingia ranwei, ukiondoka na uelekeo wako. Kimya hapo hakimaanishi kuko wazi, kuna ndege ziko masafa mengine.

Mazoezi

Hayahitaji ndege wala pesa. Tafuta mwenzako, kaeni barazani migongo imepeana ili msionane midomo, mmoja mnara mmoja ndege, kalamu na karatasi. Anza na ruhusa fupi, alafu ongezeni mwendo. Kisha mwenye ndege abadilishe tarakimu moja makusudi anaporudia, 4215 iwe 4251, QNH ipande kwa 10, ranwei 17 iwe 35, na mwenye mnara kazi yake ni kumkamata. Wiki ya pili washeni redio ya nyumbani kwa sauti pembeni wakati mnafanya, kelele za ndani ya ndege ndogo ni zaidi ya hizo.